Mtoto akiwa na homa usiku: mambo yasiyongoja asubuhi



Katika mwaka wangu wa kwanza wa uchungaji, mama mmoja alipiga hodi kwangu karibu saa nne ya usiku, akiwa na mtoto wa miezi kumi mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kwa siku mbili, na tangu mchana alikuwa anakataa ziwa. Niliomba pamoja nao, nikamwekea mtoto mikono, kisha nikamwambia mama: «Nenda ukapumzike, kesho asubuhi mtampeleka kwenye kituo cha afya.» Njia ilikuwa ya matope na kituo kilikuwa mbali. Walipofika asubuhi, mtoto hakufungua macho tena. Tulimzika siku iliyofuata.

Sijutii kwamba niliomba. Ninajutia kwamba nilisema «kesho». Katika shule ya theolojia tulisoma Kigiriki, tulisoma historia ya kanisa, lakini hakuna aliyetufundisha kwamba mtoto anayekataa ziwa hangoji asubuhi. Na sisi wachungaji ndio watu wanaoamshwa kwanza usiku, mara nyingi kabla ya muuguzi.

Ndiyo sababu tulimwomba daktari mmoja wa watoto akae na wazazi wa parokia yetu baada ya ibada. Ninaandika hapa yale niliyoshika, hasa kwa ajili ya makanisa yasiyo na daktari karibu.

Alianza na alama nne. Mtoto chini ya miaka 5 ambaye hawezi kunywa wala kunyonya. Anayetapika kila kitu anachopewa. Aliyepatwa na mishtuko ya kukakamaa mwili. Au aliyelegea sana, anayelala usingizi usio wa kawaida na kuamka kwa shida. Alama moja tu kati ya hizo inatosha: mtoto aende kituoni saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 2, homa peke yake inatosha. Vilevile mwili ukiwa baridi. Mtoto mchanga hana nguvu ya kupigana na ugonjwa kwa muda mrefu, na wakati mwingine hata halii.

Juu ya ile mishtuko, wengine kwetu husema ni ugonjwa wa ndege, wengine husema ni mapepo, na mtoto anazungushwa kwa waombaji au kwa waganga wa miti huku saa zinapita. Daktari alisema mara nyingi ni homa kali tu, au malaria imepanda kichwani, au ugonjwa wa utando wa ubongo. Wakati mtoto anakakamaa, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimnyweshe chochote, usimkaribishe kwenye moto. Kisha twende. Ombeni mkiwa njiani. Mungu anasikia hata juu ya pikipiki.

Halafu akatufundisha kuhesabu pumzi. Jambo hili lilinishangaza kwa sababu halihitaji chombo chochote isipokuwa saa ya simu. Mtoto akiwa na kikohozi, ngoja atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo yake, tazama kifua na tumbo, hesabu kila mara yanapopanda, dakika moja nzima. Mtoto chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, au wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua mbio kupita kiasi, na inaweza kuwa nimonia. Kama chini ya mbavu panaingia ndani kila anapovuta hewa, hali ni mbaya zaidi. Akina mama walihesabu pumzi za watoto wao palepale kwenye viti vya kanisa. Baba mmoja aliomba kurudia kwa sababu alisinzia katikati ya hesabu, tukacheka.

Kuhusu malaria hatukukaa sana, maana kila mzazi anaijua, au anafikiri anaijua. Homa ipimwe: tone moja la damu, na jibu linapatikana kabla ya nusu saa. Dawa ikianza, imalizwe siku zote 3, hata kama siku ya pili mtoto anacheza mpira. Vidonge viwili vya kununua sokoni bila kipimo si matibabu. Na ninyi ndugu wa milimani, kule Lubero na kwingine penye baridi, msiseme kwenu hakuna mbu: mtoto aliyetoka kutembea Beni au Uvira anaweza kurudi na malaria mwilini, na homa ikamshika siku nyingi baadaye.

Katika kuhara, kinachoua mara nyingi ni kukauka maji. Paketi moja ya chumvi ya kuhara, ile ORS, huchanganywa katika litri 1 kamili ya maji safi, si katika kikombe. Mtoto chini ya miaka 2 apewe karibu nusu kikombe cha chai kila anapohara, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika 10, muendelee taratibu. Maji hayo yakipita saa 24 yamwagwe. Pamoja nayo apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, na asinyimwe ziwa wala chakula. Damu ikionekana katika choo, au macho yakizama ndani, msibaki nyumbani.

Hapo mama mzee mmoja akauliza juu ya lavema, ile ya kumpiga mtoto dawa ya miti kwa nyuma. Kanisa zima likanyamaza, kwa sababu wengi wetu tulikuzwa nayo. Daktari hakumwaibisha. Alimjibu: «Mama, mtoto anayehara tayari amepoteza maji, lavema inamtoa na yale yaliyobaki, na dawa yenyewe inaweza kuwa sumu kwa mwili mdogo.» Alisema vivyo hivyo kuhusu kukata kilimi na kung'oa vijino vya mtoto mchanga vinavyodhaniwa kuleta homa. Watoto wanavuja damu, wanaingiwa na vijidudu, na homa ya kwanza bado haijatibiwa.

Maswali mengi zaidi yalikuwa ya usingizi. Wazazi vijana wamechoka, nami nilikuwa hivyo hivyo miaka michache iliyopita. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande, na kuamka usiku kutafuta ziwa si ugonjwa wala si roho mbaya. Alazwe chali, si kwa tumbo, juu ya kitanda kisichobonyea, bila mto, bila rundo la vitenge karibu na uso. Alale katika chumba cha wazazi, chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Mchana apate mwanga na kelele za nyumba. Usiku taa ipunguzwe na asichezeshwe, naye atajifunza tofauti polepole. Dawa za kulevya usingizi, au sirapu ya kikohozi inayotolewa ili mtoto anyamaze, ni hatari.

Jambo la mwisho alilisema akisimama. Kwetu penye baridi, wengi huingiza mbabula ya makala chumbani na kufunga madirisha ili mtoto apate joto. Makala yanayowaka hutoa gesi isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Mtoto apate joto kwa mwili wa mama, kofia na soksi. Mbabula ibaki nje.

Ninajua kuna mahali ambapo usiku barabara haipitiki, kwa sababu ya vita au mvua. Hapo mtafuteni reko wa kijiji. Baadhi yao wamefundishwa kutibu malaria, kuhara na nimonia. Endeleeni kumnyonyesha mtoto, na safari ianze mara njia inapofunguka. Katika parokia yetu, tangu siku ile, mama wa diakonia anatunza pesa kidogo za pikipiki. Namba ya dereva anayekubali kutoka usiku imebandikwa kwenye mlango wa kanisa na kwenye mlango wangu. Mpaka leo imetumika mara tatu.