Albamu iliyokataliwa ikageuka lulu

Hebu fikiria, msomaji mpenzi, kwamba umefanya kazi kwa miezi mingi. Umekesha, umekosana na marafiki, umefuta na kuanza upya. Hatimaye unampelekea tajiri wako kazi hiyo ukiwa na matumaini tele, naye anaisikiliza, anakunja uso na kusema haifai. Utafanya nini? Utaibadilisha ili imridhishe yeye, au utafunganya virago uende nayo?

Swali hilo ndilo lililowakabili wanamuziki wa bendi ya Wilco, ya mjini Chicago, Marekani, katika mwaka wa 2001. Albamu yenyewe iliitwa Yankee Hotel Foxtrot. Hata kama wewe si mpenzi wa muziki wa roki, kisa chake kina mafunzo kwa kila anayetegemea kipaji chake kupata riziki, na kwa kila mzazi mwenye mwana wa aina hiyo nyumbani.

Walikotoka

Wilco ilizaliwa mwaka wa 1994 baada ya bendi iliyoitwa Uncle Tupelo, kutoka mji mdogo wa Belleville katika jimbo la Illinois, kusambaratika. Kiongozi wake ni Jeff Tweedy, mwimbaji na mpiga gitaa ambaye pia hutunga nyimbo nyingi za bendi hiyo. Albamu zao tatu za kwanza, A.M. ya 1995, Being There ya 1996 na Summerteeth ya 1999, zilitolewa na kampuni ya Reprise, tawi la kampuni kubwa ya Warner. Wahakiki waliwasifu, lakini mauzo hayakuwa ya kutisha.

Kwa hivyo walipoanza kurekodi albamu ya nne, katika ghorofa yao wenyewe mjini Chicago waliyoigeuza studio, Tweedy alitaka jambo jipya. Nyimbo zilianza kama nyimbo za kawaida za gitaa, zile unazoweza kuimba ukiwa umeketi kitandani. Kisha zikavunjwavunjwa. Ziliongezwa vinanda, kengele, milio ya ajabu na mikwaruzo ya redio, hata msikilizaji wa mara ya kwanza angedhani spika zake zimeharibika.

Jina la albamu lenyewe lilitoka redioni. Wewe uliyewahi kuzungusha redio usiku wa manane ukitafuta stesheni za mbali za masafa mafupi, bila shaka umekutana na sauti zisizoeleweka. Miongoni mwa sauti za namna hiyo ilikuwamo ya mwanamke aliyerudia maneno matatu tu: Yankee, Hotel, Foxtrot. Hayo ni maneno yanayotumiwa na marubani na wanajeshi kutaja herufi Y, H na F. Inaaminika matangazo ya aina hiyo yalikuwa ujumbe wa siri wa majasusi. Tweedy aliisikia sauti hiyo katika mkusanyiko wa santuri uitwao The Conet Project, akaona inafanana na alichotaka kusema: watu wanatumiana ujumbe, lakini hawaelewani.

Fahali wawili zizini

Kumbe hata ndani ya bendi hawakuwa wakielewana! Kwanza, mpiga ngoma Ken Coomer alipigwa kalamu na nafasi yake ikachukuliwa na Glenn Kotche. Kisha ukazuka mvutano kati ya Tweedy na Jay Bennett, fundi hodari wa ala nyingi aliyeshirikiana naye kutunga nyimbo kadhaa za albamu hiyo. Waliletewa mtu wa tatu, Jim O'Rourke, ili achanganye sauti. O'Rourke alipunguza mambo mengi yaliyokuwa yamerundikwa, nyimbo zikapata nafasi ya kupumua. Bennett hakufurahia kuondolewa katika kazi hiyo.

Waswahili husema fahali wawili hawakai zizi moja. Yote haya yalinaswa na kamera, kwa kuwa mpiga picha Sam Jones alikuwa akiwafuata kila mahali akitengeneza filamu yake ya picha nyeusi na nyeupe. Katika filamu hiyo, iliyotoka mwaka wa 2002, utawaona watu wazima wawili wakibishania sekunde chache tu za wimbo mmoja. Albamu ilipokamilika, Bennett naye akaambiwa aondoke.

"Hatuitaki"

Wakati huohuo, mambo yalikuwa yakibadilika katika ofisi za wakubwa. Mnamo Januari 2001 kampuni mama, Time Warner, iliungana na AOL, kampuni ya huduma za intaneti. Watu wengi walipoteza kazi, na mkuu wa Reprise aliyekuwa mtetezi wa bendi, Howie Klein, akaondoka. Waliobaki waliisikiliza albamu hiyo wakashindwa kuona wimbo hata mmoja wa kupigwa redioni. Wakataka ibadilishwe. Wilco wakakataa katakata.

Ilikuwa rahisi kwa kampuni kuwafungia wanamuziki hao kabatini kwa miaka mingi, kama ilivyowahi kuwapata wengine. Lakini walikubaliana kuachana, na bendi ikaondoka na kanda zake bila kulipa. Albamu hiyo, ambayo ilikuwa itoke Septemba 11, 2001, sasa haikuwa na mwenyewe wa kuiuza.

Tayari nyimbo zilikuwa zimeanza kuvuja na watu walikuwa wakipeana kisirisiri. Badala ya kulia na kukimbilia mahakamani, bendi ilifanya jambo lililowashangaza wengi. Mnamo Septemba 18, 2001, waliiweka albamu nzima kwenye tovuti yao, kila mtu aisikilize bure. Siku hizi kijana yeyote mwenye simu hufanya hivyo, lakini wakati huo wenye kampuni waliuona mtandao kuwa mwizi wa kukimbizwa. Wilco walipokwenda ziarani, walikuta watazamaji wanaimba nyimbo ambazo hazijauzwa dukani!

Tena kulikuwa na jambo lingine. Marekani ilikuwa katika majonzi ya mashambulizi ya Septemba 11. Nyimbo zilitungwa kabla ya msiba huo, lakini wasikilizaji walisikia ndani yake huzuni na hofu iliyokuwa mioyoni mwao. Hata jalada lake lina picha ya majengo mawili marefu. Hayo ni Marina City ya Chicago, majengo ya mviringo ambayo wenyeji huyafananisha na magunzi ya mahindi.

Mapokezi

Kampuni kadhaa zilijitokeza kuitaka albamu. Aliyeshinda alikuwa Nonesuch. Na hapa, msomaji, ndipo kichekesho kilipo: Nonesuch pia ilikuwa tawi la Warner. Kwa maneno mengine, tajiri yuleyule aliigharimia kazi hiyo, akaiachilia bure, kisha akainunua tena!

Albamu ilitoka Aprili 23, 2002. Katika wiki ya kwanza iliuza zaidi ya nakala 55,000 na kuingia nambari 13 katika orodha ya Billboard, nafasi ya juu kuliko zote walizowahi kufikia wakati huo. Wale walioogopa kwamba watu waliosikiliza bure hawatanunua waliambulia aibu. Jarida la muziki la Pitchfork liliipa alama 10 kwa 10. Katika kura ya wahakiki iliyokuwa ikiendeshwa kila mwaka na gazeti la Village Voice la New York, iliibuka ya kwanza mwaka huo. Miaka 20 baadaye ilitolewa upya pamoja na rekodi nyingi za majaribio, na toleo hilo likatuzwa Grammy mnamo Februari 2023.

Hawakukosekana wapinzani. Wako waliosema kwamba sifa zilitokana na kisa cha kukataliwa kuliko muziki wenyewe, na kwamba mikwaruzo ile ilifunika nyimbo nzuri. Ukiisikiliza leo, amua mwenyewe. Ushauri wangu ni usiihukumu kwa mara moja. Mara ya kwanza utasikia kelele, mara ya tatu utaanza kusikia wimbo uliojificha nyuma yake.

Gharama yake

Lakini tusidanganyane kwamba ushindi huo ulipatikana bure. Tweedy, ambaye tangu utotoni aliteswa na maumivu makali ya kichwa, alikuwa amezama katika uraibu wa dawa za kutuliza maumivu. Mwaka wa 2004 alilazwa hospitalini, akatibiwa, akaacha, na baadaye akalieleza hilo waziwazi katika kitabu chake cha 2018. Bennett alifariki Mei 2009 akiwa na umri wa miaka 45. Wawili hao, waliotunga pamoja nyimbo zinazopendwa mno, hawakurudi tena studio moja.

Basi ewe mwanafunzi mwenye daftari la mashairi au gitaa la kuazima, kisa hiki kisikufunze kuwa mkaidi kwa kila mtu. Bendi hii ilikubali O'Rourke akate na kupunguza, kwa kuwa alikuwa akiusikiliza muziki. Ilikataa kubadilishiwa na wakubwa kwa kuwa wao walikuwa wakisikiliza hesabu ya mauzo. Jifunze kutofautisha sauti hizo mbili.

Nawe mzazi, siku mwanao atakapokuletea kitu ambacho masikio yako yanakiona kelele, usikitupe kabla ya kukisikiliza mara ya pili. Na ukimwona amegombana na rafiki yake kwa sababu ya kazi hiyo, mkumbushe kwamba albamu inaweza kutolewa upya baada ya miaka 20, lakini rafiki akishakwenda, harudi.