Koti Lenye Vifungo Mgongoni

Katika shule za kati nchini Marekani, wasomamo watoto wa miaka 11 hadi 14 hivi, riwaya ya Lois Lowry iitwayo The Giver, iliyotoka mwaka 1993 na kutunukiwa Nishani ya Newbery mwaka 1994, husomwa sana. Wako walimu ambao, riwaya ikishasomwa, huwapa wanafunzi mkasi na vitambaa ili wabuni vazi la kuonyesha maudhui yake.

Riwaya hii yafaa mno kwa kazi hiyo, ndugu msomaji, maana ndani yake nguo ni amri. Watoto wa miaka minne, mitano na sita huvaa koti lifungwalo mgongoni, ili wasiweze kuvaa bila kusaidiana. Wa miaka saba hupewa vifungo vya mbele. Wa minane, mifuko, kwa kuwa sasa huaminiwa kutunza vitu vyao. Rangi hazionekani kabisa, mpaka kijana Jonas anapoanza kuona wekundu wa tofaa.

Sisi tuvaao gwanda twaelewa upesi: sare huleta umoja, tena hupunguza maswali. Lakini sisi tuliomba wenyewe kuivaa. Mtoto wa miaka minne hakuulizwa.

Kwa hiyo mwalimu asiridhike na gauni la kupendeza. Mwanafunzi ashone koti lile, alivae, ajaribu kulifunga peke yake. Akishindwa, aulizwe: huyu akufungiaye vifungo ni rafiki yako, au ni mlinzi wako? Kisha apewe uzi mmoja mwekundu, achague mwenyewe pa kuushona.