Malezi ya Mtoto Mwenye Usonji

Usonji, ambao baadhi ya waandishi huuita tawahudi, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayohusu namna mtoto anavyowasiliana na watu, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyoshikilia utaratibu aliouzoea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo, nayo haifanani kwa wote, kwani yuko mtoto afikaye umri wa shule bila kutamka neno, na yuko akaririye majina ya vituo vyote vya daladala huku akishindwa kutambua kwamba anayemsimulia amechoka kusikiliza.

Mara nyingi wazazi hushtuka mtoto anapotimiza mwaka mmoja na nusu bila kuitika jina lake wala kuonyesha kitu kwa kidole, wakampeleka kwanza kupimwa masikio. Hatua hiyo ni sahihi, kwa sababu uziwi nao huleta dalili zinazokaribiana na hizo. Baada ya hapo kazi kubwa huwa ya nyumbani, nayo ni kutafuta sababu iliyojificha nyuma ya kila tabia. Mtoto aliaye kila asubuhi akivalishwa sare hudhaniwa kuwa anaichukia shule, kumbe kinachomuumiza ni kitambaa kidogo chenye jina la kiwanda kilichoshonwa ndani ya ukosi, ambacho ngozi yake hukihisi kama mkwaruzo usiokoma. Mama akikifumua na kulifua shati hadi lilainike, kilio hupungua au huisha kabisa.

Kwa kuwa mtoto huyu hutulizwa na kujua kinachofuata, familia nyingi hubandika ukutani picha za shughuli za siku kwa mpangilio: mswaki, kikombe cha uji, shati, bajaji ya kwenda shule. Kila jambo likitimizwa picha yake hubanduliwa, na ikiwa kesho yake bajaji haitakuja, picha ya daladala hubandikwa mahali pake tangu jioni, mtoto akaonyeshwa mara kadhaa, maana badiliko dogo lisilotangazwa laweza kuivuruga siku nzima.

Hata hivyo, sokoni hakuna ratiba. Kelele za wapiga debe, harufu ya samaki na msongamano wa watu huweza kumzidi mtoto hata akajitupa chini na kujipiga kichwa, huku wapita njia wakimshauri mama amchape kwa sababu amedekezwa. Deko hutulia mtoto akipewa anachokitaka, lakini mlipuko huu hautulizwi kwa pipi wala kwa fimbo; unachohitaji ni kumtoa penye kelele, kupunguza maneno na kusubiri.

Lawama hizo ndizo mzigo usiostahili kabisa, hasa zinapogeuka kuwa maneno ya majini, uchawi au dhambi ya mama. Hata madaktari waliwahi kukosea hivyo: baada ya Leo Kanner kueleza hali za watoto 11 nchini Marekani mwaka 1943, ilienea kwa miaka mingi fikra kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo, hadi Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alipoipinga kwa kitabu mwaka 1964. Utafiti wa Susan Folstein na Michael Rutter kuhusu mapacha, uliochapishwa mwaka 1977, ulionyesha kwamba urithi una nafasi kubwa. Chanjo hazihusiki; makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu kwamba chanjo huleta usonji ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha.

Shangazi au jirani akaaye na mtoto kwa saa moja ili mama alale humsaidia kuliko mashauri mengi, kwani watoto wengi wenye usonji hulala kwa shida, na mlezi hukesha nao. Mapema pia, kabla ya balehe, picha zilezile za ukutani hutumika kumfundisha mtoto kuoga peke yake, binti kubadilisha pedi, na wote kukataa kuguswa na mtu wasiyemtaka, kwa kuwa asiyeweza kusimulia alichotendewa ndiye anayehitaji kufundishwa hayo kwa subira zaidi.