Safaya ghafi: Mnunuzi aanze na ushahidi, rangi baadaye

MFANYABIASHARA wa Makere, wilayani Kasulu, anajua tofauti ya bei kati ya gunia la maharage ya aina moja na gunia la mchanganyiko. Anajua pia kwamba yakishachanganywa, kazi ya kuyachambua hula faida yote. Katika biashara ya safaya, jiwe ambalo kamusi huliita yakuti samawi, hesabu ni hiyo hiyo, ila humu kosa likishafanyika halirekebishiki.

Kosa lenyewe ni kulichoma moto jiwe la asili, au kulitia kwenye pakiti moja na mawe yaliyochomwa.

Safaya nyingi zilizoko kwenye maduka ya vito duniani zimepita kwenye tanuri. Joto la kati ya nyuzi 1,000 na 1,800 za Sentigredi huondoa ukungu na kukoleza au kupunguza rangi. Biashara hiyo ni halali, mradi mnunuzi aelezwe. Hata hivyo, jiwe lililotoka ardhini likiwa tayari na rangi nzuri ni adimu, na uadimu ndio unaolipiwa.

Mfano mkubwa umetokea jirani. Mwaka 2022, huko Montepuez, Msumbiji, kusini mwa mto Ruvuma, ilichimbwa rubi ghafi ya karati 101. Rubi na safaya ni madini ya aina moja, zinatofautiana kwa rangi tu. Jiwe hilo lilikatwa likabaki karati 55.22, likapewa jina la Estrela de Fura, na Juni 2023 likauzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola milioni 34.8 za Marekani. Halikuwa limechomwa, na cheti cha maabara kilithibitisha hivyo.

Tanzania nayo imeonja faida ya namna hiyo. Machimbo ya Winza, wilayani Mpwapwa, yalipovuma mwaka 2007 na 2008, wanunuzi wa kigeni walifuata rubi ambazo ubora wake haukuhitaji tanuri.

Upande wa pili wa sarafu ni Songea. Mwaka 2001 soko la dunia lilianza kupokea kwa wingi safaya za rangi ya machungwa, zikiuzwa kama mawe adimu. Ilibainika mwaka uliofuata kwamba mawe ya bei ndogo kutoka Songea na Madagascar yalikuwa yakichomwa Chanthaburi, Thailand, pamoja na madini yenye beriliamu, ambayo hupenya na kubadili rangi ya jiwe. Wanunuzi walikuwa hawajaelezwa. Maabara zilipotoa tahadhari, soko la rangi hiyo lilitikisika, na aliyekuwa na jiwe la asili la rangi hiyo hiyo naye akatakiwa kuleta ushahidi.

Hapo ndipo mnunuzi wa nyanda za juu za Kigoma anapopaswa kuwa macho. Maeneo yanayojulikana kwa safaya yako mbali naye: bonde la Umba mkoani Tanga, Songea, na Tunduru iliyovamiwa na wachimbaji mwaka 1994. Ng'ambo ya mpaka kuna Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda. Pakiti inayofika Makere au Kibondo imepita mikono mingi, na kila mkono unapunguza uhakika wa habari za jiwe.

Kwa mwenye mtaji mdogo, safaya ghafi isiyochomwa ina masoko mawili. La kwanza ni la wakataji. Gramu 4 ni karati 20, lakini mkataji mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya uzito. Likibaki asilimia 30, mkononi kuna karati 6. Bei ya kununulia ghafi ipigwe kwa karati hizo 6, wala si kwa zile 20 za kwenye mizani.

Soko la pili ni la masonara wa Ulaya na Marekani wanaotengeneza pete na mikufu kwa jiwe lisilokatwa, likiwa na umbo lake la pembe sita au limelainishwa na mto. Bei kwa karati ni ndogo, lakini hakuna uzito unaopotea, na jiwe lisilofaa kukatwa hupata mteja. Mteja huyo analipia uasilia. Akigundua jiwe limechomwa, hana sababu ya kulinunua.

Kujikinga na jiwe bandia kunaanzia kwenye mizani. Jiwe lipimwe likiwa kavu, kisha lipimwe likining'inia ndani ya maji. Uzito wa kwanza ugawanywe kwa uzito uliopungua. Jiwe la gramu 8 likisoma 6 majini, limepungua 2, na jibu ni 4, ambalo ndilo la safaya. Chupa iliyovunjwa mara nyingi hutoa jibu karibu na 2.5.

Mizani hainasi kila kitu. Baadhi ya garneti hukaribia 4, na safaya ya kiwandani hutoa 4 kamili kwa kuwa ni madini yale yale. Hapa inahitajika lenzi inayokuza mara 10. Mistari iliyopinda na viputo vya mviringo ni dalili ya kiwanda. Nyuzi nyembamba kama hariri zilizokatana kwa pembe ni dalili njema, kwani joto kali huzivunja zikawa vidoa. Hata hivyo, moto wa kiwango cha chini unaweza kupita bila kuacha alama ya kuonekana kwa lenzi. Jiwe la thamani halikwepi maabara.

Suala la karatasi lisipuuzwe. Kununua vito kunahitaji leseni, na tangu mwaka 2019 masoko ya madini yamefunguliwa mikoani ili mauzo yaandikwe. Mrabaha uliwekwa asilimia 6 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, na ada ya ukaguzi asilimia 1. Wapo wanaoziona gharama hizo kuwa mzigo, lakini risiti yenye tarehe, uzito na chimbo ndiyo mwanzo wa ushahidi ambao mnunuzi wa mwisho atauulizia.

Mwenye fedha za msimu wa mazao asizitie zote kwenye mawe. Maharage yana mnunuzi kila gulio, ilhali safaya inaweza kumsubiri wake miezi mingi. Anayeamua kuingia anunue mawe machache, ayaweke kwa chimbo na kwa risiti yake, na amkatalie dalali anayejitolea kuyachoma kwenye mkaa. Jiwe likishachomwa haliwezi kurudishwa katika hali yake ya asili.