Garimoshi Dogo Lenye Moto wa Kweli

Sisi tukaao Nyasubi, katika Kahama, tukitaka kuiona reli hatuna budi kwenda Isaka, kwenye njia iliyotoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Upana wa njia ile ni mita moja kamili. Injini za mvuke zilizovuta mabehewa juu yake zimekwisha kuondoka, na mahali pao pameshikwa na injini za dizeli. Walakini wako watu, hasa Uingereza, wasiokubali maarifa ya moto na maji yapotee pamoja na injini zile. Hutandika reli ndogo bustanini, na siku ya mapumziko hukutana na rafiki zao kuendesha magarimoshi madogo yaendayo kwa mvuke wa kweli.

Kipimo kimoja kipendwacho sana ni njia yenye upana wa milimita 45. Zidisha 45 kwa 22.5, nawe utapata karibu mita moja. Basi injini ya Isaka, ikipunguzwa mara 22.5 kwa urefu, upana na kimo, yaweza kupita juu ya reli hizo. Uzito hupungua zaidi, kwa kuwa vipimo vyote vitatu hupungua pamoja. Injini namba 5918, Mount Gelai, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, ina uzito wa tani 252 hivi. Mfano wake kwa kipimo hicho ungekuwa wa kilo 22 tu, mzigo wa mtu mmoja.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Maji yaliyomo katika boila hupungua zaidi ya mara 11,000, bali ubavu wa boila upotezao joto hupungua mara 506 tu. Kikombe cha uji hupoa upesi kuliko sufuria ya arusi kwa sababu iyo hiyo. Silinda nazo zikiwa baridi, mvuke wa kwanza hugeuka maji mara uingiapo. Yapasa kuisukuma injini kwa mkono polepole, mbele na nyuma, mpaka iyateme maji hayo kwa bomba la moshi. Asiyejua hudhani imeharibika.

Namna ya kuzitia mafuta silinda hizo yatupendeza kuliko yote. Kikopo kidogo hujazwa mafuta mazito. Mvuke kidogo huingia humo, hupoa na kuwa maji, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, huzama chini. Mafuta hayana budi kupanda, nayo huchukuliwa na mvuke hata ndani ya silinda. Hakuna pampu wala gurudumu katika kazi hiyo.

Lakini isidhaniwe kuwa ni kitu cha kuchezea watoto. Boila ndogo yaweza kushika mvuke wa ratili 40 au zaidi kwa kila inchi ya mraba, na ikikaukiwa na maji juu ya moto, viungo vyake huungua. Kwa hiyo injini nyingi zitumiazo gesi hupewa tangi dogo, ili gesi iishe kabla ya maji. Boila mpya hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa nguvu mara mbili ya ile ya kazi. Hutumiwa maji, wala si hewa, kwa kuwa maji hayashindiliki. Boila ikipasuka itavuja tu, haitarusha vipande.

Katika mikutano yao mtu haruhusiwi kuwasha moto mpaka ameonyesha cheti cha jaribio hilo, hata akiwa rafiki wa miaka mingi. Mmoja huangalia njia, mwingine huangalia maji, na mwenye zamu huendesha. Moto ukiisha zima, kizibo cha boila hakiguswi mpaka mshale wa kipimo umerudi kwenye sifuri. Ndipo magurudumu hupanguswa mafuta, na rafiki afuataye huweka injini yake relini.