Nguvu za Maungo: Fungu la Miaka na Fungu la Kukaa Kitako

Aghalabu mtu hutambua kuwa umri umemfikia pale anapoinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi, au anaponyanyuka kutoka katika sijida, akaona mkono umetangulia kutafuta pa kushika kabla magoti hayajakubali kutii. Hujisemea kuwa ni uzee, na jamaa zake husadiki neno hilo pasipo kulipeleleza, kana kwamba uzee ni kadhi ambaye hukumu yake haina rufani. Walakini elimu ya tiba imebainisha kwamba udhaifu huo una mafungu mawili: liko fungu ambalo ni la miaka kweli, na liko fungu, wala si dogo, ambalo ni la kukaa kitako.

Tuanze na la miaka. Misuli ya mwanadamu huanza kupungua pole pole apitapo umri wa miaka 30, kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 8 katika kila miaka 10, na baada ya miaka 60 upungufu huo huongeza mwendo. Ndani ya uti wa mgongo zimo neva ziamrishazo misuli. Baadhi yake hufa kadiri umri unavyosonga, na nyuzi za misuli zilizokuwa chini ya amri yake hubaki yatima, nyingine zikalelewa na neva jirani, nyingine zikanyauka. Zidhurikazo zaidi ni nyuzi za kasi, ambazo kazi yake mojawapo ni kumdaka mtu aliyejikwaa asifike chini; ndiyo sababu shaibu aweza kutembea masafa marefu kwa utaratibu, ilhali kijiwe kimoja njiani kikamwangusha. Fauka ya hayo, nguvu hupungua upesi kuliko nyama yenyewe, hata paja linaloonekana nene likawa ajizi. Mwaka 1989 tabibu wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipendekezea hali hii jina la sakopenia, ipate kuchunguzwa kwa haki yake.

Ama fungu la pili, ithibati yake ilipatikana kwa vijana. Mwaka 1966 huko Dallas, katika jimbo la Texas, wanaume watano wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3, kisha ukapimwa uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi nzito. Miaka 30 baadaye watu wale wale walipimwa tena, ikadhihirika kwamba wiki 3 za kulala ziliwanyang'anya uwezo huo zaidi kuliko miaka yote 30 iliyofuata. Nao walipofanya mazoezi ya wastani kwa miezi 6, walirejea pale walipokuwa katika ujana wao kabla ya kulazwa. Wala vikongwe hawakunyimwa fadhila hii. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walitangaza habari za wakazi 10 wa nyumba ya wazee mjini Boston, wenye umri wa wastani wa miaka 90, waliofanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu muda wa wiki 8: waliotimiza muda huo nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Maadamu mambo ni hivyo, yatupasa kuitazama upya adabu yetu wenyewe. Babu akishika ndoo, mjukuu humpokonya, bibi akiukaribia mchi, huambiwa, "Bibi, wewe kaa, umekwisha fanya kazi yako." Nia ni njema, lakini taathira yake ni kumlaza mzee kitandani mchana kweupe, hata ajizi iliyoletwa na mapenzi ya nyumba ikahesabiwa kuwa ni kazi ya umri. Heshima yenye insafu humwondolea mzee hatari, si kazi: humtilia taa uani, humfungia chuma cha kushika chooni, hukunjua mkeka uliojikunja mlangoni, kisha humwachia ndoo ndogo aichukue mwenyewe.

Kipimo ni rahisi. Mzee akae kwenye kiti imara, afumbate mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5. Akipita sekunde 15, misuli yake imekwisha dhoofu. Na tendo hilo hilo la kupimia ni dawa, likirudiwa walau siku 2 kwa juma pamoja na mazoezi ya kusimama bila kuyumba. Misuli haijengwi kwa chai na mkate mtupu, basi samaki, mayai, choroko na kunde zisikose sahanini pake kwa dhana kwamba mzee hula kidogo. Mwenye maradhi ya moyo, au shinikizo la damu, au aangukaye mara kwa mara, na amwone tabibu kwanza. Wengine waanze leo, kwani miaka iliyopita hairudishwi na mtu, bali fungu la kukaa kitako limo katika uwezo wa kila nyumba kulipunguza.