Mwanafunzi akiuliza swali la sayansi kwenye kundi la simu

Majuma ya mwisho kabla ya Mtihani wa Serikali, simu za vijana wetu wa Goma, Bukavu na Uvira hujaa maswali. Wamejiunga na makundi ya WhatsApp ya hesabu, kemia na biolojia, na walimu na wauguzi wengi wa parokia zetu wamo humo. Mara nyingi mwanafunzi anatuma picha ya zoezi zima na neno moja tu: « Nisaidieni. » Kumpa jibu tupu hakumfundishi kitu, na kumgombeza kunamfukuza. Tumwulize kwanza amefika wapi.

Tuseme anaandika: « Kwa nini mazuku inaua mbuzi na watoto zaidi kuliko watu wakubwa? » Tumrudishie swali: ni hewa gani iliyo ndani ya mazuku? Akijibu kwamba ni dioksidi ya kaboni, tumwambie ajumlishe: kaboni 12, oksijeni 16 mara mbili. Atapata 44. Hewa tunayovuta ina wastani wa 29 hivi. Basi ipi itakaa chini, na pua ya mbuzi iko wapi? Hapo atamaliza mwenyewe, na mwenye bidii ataongeza kwa nini hatari inazidi usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia.

Lakini ikiwa anayeuliza yuko karibu na shimo lenyewe, tuache ualimu. Tumwambie mara moja apande mahali pa juu, aite watu, wala asishuke kumvuta aliyeanguka. Wengi hufa wakijaribu kuokoa.

Kuna pia maswali yanayokuja na hofu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu ya Goma ikaamriwa kuhama, watu waliuliza kama Ziwa Kivu litalipuka. « Ndiyo » peke yake inatia watu mbioni. « Hapana » peke yake si kweli. Ziwa Nyos la Kameruni liliua watu zaidi ya 1.700 tarehe 21 Agosti 1986, na Kivu nalo lina dioksidi ya kaboni na methani nyingi sana vilindini. Ila gesi hiyo inashikwa na uzito wa maji ya juu, na maji ya chini yana chumvi zaidi, kwa hiyo hayapandi kirahisi. Januari 2002 lava iliingia ziwani, na gesi haikutoka. Anayejibu aeleze yote mawili, na aseme habari ameipata wapi. Sauti iliyotumwa mara mia bila jina la msemaji si chanzo.

Wenye kusimamia makundi wawaombe wanafunzi waandike swali kwa maneno yao badala ya kutuma picha yenye ukungu. Mega ni pesa, na swali lililoandikwa, mwanafunzi wa mwaka ujao ataweza kulitafuta na kulipata pamoja na jibu lake.